Maji ni ya Wote, Ukingo Una Mwenyewe

Asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia hapa Kisumu kwa jambo hili la kuomba idhini kabla ya kukanyaga shamba la mtu kando ya mto, na leo nalirudia, kwa sababu wiki jana nimepigiwa simu kutoka Mto Yala, sehemu za juu: vijana wa kayaki, ile mitumbwi midogo ya kupiga kasia, wamevunja ua wa mtu. Tena!

Nikiuliza, jibu ni lile lile: mto ni wa umma. Ndiyo, ni wa umma. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 62, inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Ukiwa unaelea, hakuna wa kukuuliza. Maswali yanaanza mguu wako ukishakanyaga udongo.

Halafu huwa kuna mmoja anayeinua mkono na zile mita 6 hadi 30 za kingo za mto. Mwanangu, kanuni ile inamzuia mwenye shamba kulima na kujenga pale. Haikukupa wewe njia. Shamba bado ni lake. Na sheria ya kuingia ardhi ya watu, Sura ya 294 ya Sheria za Kenya, inadai idhini ya anayekaa pale. Anayekaa, nasema, si lazima yule ambaye jina lake liko kwenye hati. Mwana anaweza kuwa na hati Nairobi, lakini anayelima ni mama yake, na huyo mama ndiye wa kuombwa.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Tulikuwa watatu, tumefika penye maporomoko yasiyopitika, ikabidi tubebe kayaki nchi kavu. Mbele yetu ua wa minyaa. Tukasukuma kayaki katikati ya ua, matawi yakakatika, utomvu mweupe ukamrukia mwenzetu machoni. Mnaoujua mnyaa mnajua. Alipiga kelele hadi ng'ombe wakakata kamba. Akaja mama mmoja mbio, na beseni la maji na kikombe. Akamkalisha chini, akamshika kidevu, akammiminia maji jicho moja, kisha la pili, kikombe baada ya kikombe, bila kutuuliza sisi ni nani. Mwenzetu alipoweza kufumbua macho ndipo mama akageuka, akatazama ua wake, akatazama maharagwe yaliyolala chini ya kayaki yangu. Akaniuliza polepole, "Baba, mlango hamkuuona?"

Mlango ulikuwa hatua ishirini kutoka pale. Umefungwa kwa kamba ya katani, fundo moja.

Siku ya pili tulirudi tukapanda minyaa, tukalipa maharagwe. Lakini swali lile sijawahi kulijibu.

Sasa utaniambia, mwalimu, mto una mashamba mamia, tutabisha hodi kwa kila mtu? La. Bisha hodi pale utakapoingia majini, pale utakapobeba kayaki, na pale utakapotokea. Nenda wiki moja kabla, kwa pikipiki, bila kayaki. Chifu na mzee wa kijiji waambie ili wakujue, lakini chifu hafungui lango la mtu mwingine. Na ukirudi msimu mwingine, omba tena: palipokuwa majani ya nepia huenda sasa pana mahindi.

Tena fikirieni wanachokiona wao. Wageni, kamba, wanapiga picha kingo za mto. Kule kwenye kinamasi cha Yala watu wamevutana na wawekezaji juu ya ardhi kwa miaka mingi. Mgeni anayepima kingo kwa macho anatia hofu, hata akitabasamu.

Nilitaka kusema juu ya viboko huko chini karibu na ziwa, na mto unaojaa ghafla ingawa mvua imenyesha Nandi tu, huko juu unakotoka, lakini muda umekwisha. Msitu wa Kakamega, ambao mto unaupitia, una walinzi wake, pitieni ofisini kwao kwanza.

Safari ni mwezi ujao. Wenye pikipiki wabaki hapa, tugawane nani anakwenda boma lipi.