Kalamu Inaposimama

Ndugu zangu waajiri, walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi: kwenye fomu ya kuombea kazi, pale palipoandikwa, "Je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama?" Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana.

Nimekaa na watu wengi wakijaza fomu hiyo. Jina anaandika haraka, anwani haraka, ujuzi ndiyo kabisa, anaandika mpaka nafasi inamwishia. Akifika hapo, kalamu inasimama. Ananitazama: "Mwalimu, hapa nijaze nini?" Akisema kweli, fomu inawekwa kando. Akidanganya, siku ikijulikana anafukuzwa kwa udanganyifu. Nimjibu nini?

Wala sitii chumvi ninaposema fomu inawekwa kando. Mwaka 2003 mwanasosholojia wa Marekani, Devah Pager, alichapisha utafiti wake wa mjini Milwaukee. Aliwatuma vijana wawili wawili kuomba kazi za kawaida, sifa zao zikilingana, ila mmoja alidai amefungwa kwa kosa la dawa za kulevya. Wakawa wanapokezana kudai hivyo. Kati ya Wazungu, asiye na rekodi aliitwa tena mara 34 katika kila 100. Mwenye rekodi, 17. Kati ya Weusi, 14 na 5. Zitazameni tena namba hizo. Kijana Mweusi asiye na kosa lolote aliitwa mara chache kuliko Mzungu aliyesema katoka jela!

Namwona mmoja pale nyuma anatikisa kichwa: "Kwa hiyo nimwajiri mwizi, nimkabidhi sefu?" Nani kasema hivyo? Aliyemwibia mwajiri usimpe ufunguo wa sefu. Aliyedhuru watoto asikanyage shuleni. Lakini aliyepigana ulevini akiwa na miaka 19, leo ana 35 na anachomelea vyuma kuliko fundi wako, ugomvi ule unaingiaje kwenye kuchomelea? Uliza kosa lilikuwa nini, lilitokea lini, na tangu hapo amekuwa akifanya nini. Kisanduku hakina nafasi ya majibu hayo, na ndiyo sababu nakikataa. Mpe chuma achomelee kwanza, halafu uliza. Hawaii waliweka sheria mwaka 1998: mwajiri asiulize hadi awe ameahidi kazi kwa masharti. Uingereza, tangu 1974 ipo sheria ya kuzihesabu hukumu nyingi kuwa zimekwisha baada ya muda fulani, na kwa kazi nyingi mtu halazimiki kuzitaja.

Mtaniambia kwamba hukohuko Marekani, swali lilipoondolewa kwenye fomu, watafiti waliona pengo kati ya Weusi na Wazungu wanaoitwa likipanuka. Mwajiri asiyejua alikisia kwa rangi. Ni kweli, na inaniuma. Ndiyo maana nawaombeni mumwite mtu kwenye usaili, msiishie kufuta mstari.

Naona naonyeshwa saa. Suala la vitambulisho na akaunti za benki naliruka, ila hili la zamu siliachi: aliyeachiwa kwa masharti ana siku ya kuripoti. Mpangieni zamu ya siku nyingine, asije akakosa kazini au akarudishwa ndani kwa sababu ya ratiba.

Sasa, nani amekuja na fomu ya kampuni yake? Ileteni hapa mbele tuisome pamoja. Kalamu ninayo.