Ndege Kwanza, Jedwali la Mishahara Baadaye

Mhadhara kwa marubani na wanafunzi wa urubani, Nairobi

Mwenyekiti, makapteni mliotutangulia, na nyinyi vijana mliofika moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Wilson mkiwa bado na sare, hamjambo? Nashukuru kwa kunialika.

Mimi ni mwanasheria wa masuala ya ajira, na nimekuja na jambo moja tu. Katika mkataba wa pamoja kati ya chama cha marubani na shirika la ndege kuna ukurasa ambao wengi wenu huupita mbio mkienda kwenye jedwali la mishahara. Ni ukurasa unaosema shirika halitakuwa na ndege chini ya idadi fulani, na ndege hizo zitarushwa na nani. Mikataba mingine haina ukurasa huo kabisa. Nawaomba, chama kikirudi mezani, muanzie hapo.

Dereva wa matatu anaweza kukubaliana na tajiri wake malipo mazuri ajabu kwa siku. Tajiri akiuza gari, makubaliano yale hayana pa kusimama. Tena rubani ana shida kuliko huyo dereva, kwa sababu kibali chake kimefungwa kwenye aina ya ndege. Aliyehitimu kwenye Embraer 190 hawezi kuamka kesho akaketi kwenye Boeing 737. Lazima arudi darasani, aende kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, kisha aruke chini ya macho ya mwalimu, na gharama hiyo lazima mtu ailipe. Akipitisha siku 90 bila kupaa na kutua mara tatu, hata ndege aliyoizoea haruhusiwi kubeba abiria nayo mpaka arudishiwe ustahiki. Kazi ya rubani huchakaa upesi ikikaa bila kutumika.

Tupige hesabu kidogo. Ndege ikiruka saa 12 kwa siku, kwa mwaka ni saa 4,380. Kanuni za Ulaya hazimruhusu rubani kupita saa 900 kwa mwaka, na ukitoa likizo, mafunzo, ugonjwa na siku za kusubiri, chukulia anaruka saa 730. Gawanya, upate jozi sita za kapteni na rubani msaidizi. Ndege moja ya masafa ya kati, basi, ni ajira ya marubani 12. Kwenye safari ndefu, ambako huketi watatu au wanne ili wapokezane kulala, idadi inapanda zaidi. Kwa hiyo mkisikia kwamba bodi imeamua kuachilia ndege tatu, msisikie vyuma vitatu.

Na anayeumia mara nyingi si yule aliyekuwa akiirusha ndege iliyoondoka. Mashirika mengi hufuata orodha ya ukongwe kazini. Ndege kubwa ikiondoka, kapteni wake anashuka kwenye ndege ya ukubwa wa chini yake na kumsukuma kapteni mwenye miaka michache kuliko yeye. Huyo naye anashuka, pengine anarudi kiti cha kulia kuwa rubani msaidizi, na rubani msaidizi aliyekuwa pale anateremka kwenye ndege ndogo. Kila hatua ni mafunzo mapya na mshahara mdogo. Mwisho wa ngazi kuna msichana au kijana aliyeajiriwa mwaka jana, ambaye familia yake iliuza shamba ili apate leseni. Huyo hana wa kumsukuma. Ndiye anayepewa barua, ingawa hiyo ndege kubwa hakuwahi kuigusa.

Hapa nyumbani mnaikumbuka 2016. Kenya Airways ilikuwa imepata hasara ya shilingi bilioni 26.2 katika mwaka uliokwisha Machi, baada ya miaka ya kununua ndege kwa mpango mkubwa wa upanuzi ulioitwa Mawingu. Boeing 777-300ER tatu, zilizokuwa bado mpya, zikakodishwa kwa Turkish Airlines, na Boeing 787, zile Dreamliner, mbili zikaenda Oman Air. Kibiashara, shirika lilikuwa linapunguza mzigo wa madeni, na sisemi lilikosea kutafuta pumzi. Swali langu ni la mkataba. Ndege tano za safari ndefu zinapoondoka, rubani ana haki gani iliyoandikwa? Je, shirika linalazimika kumuuliza, kumlipa au kumngoja? Kama jibu haliko kwenye karatasi, linabaki kwenye huruma ya waliopo ofisini siku hiyo.

Sasa twende Ujerumani, kwa sababu huko ndiko kifungu hiki kilijaribiwa waziwazi. Marubani wa Lufthansa waligoma mara nyingi kati ya 2014 na 2016. Mwaka 2017 chama chao, Vereinigung Cockpit, kilifikia makubaliano na shirika. Marubani walilegeza mambo kadhaa ya gharama, yakiwemo ya pensheni, na shirika likaahidi kwamba ndege zisizopungua 325 zitarushwa na marubani walio chini ya mkataba mkuu wa kundi hilo. Angalieni jinsi ahadi ilivyoandikwa. Haikusema tu Lufthansa itamiliki ndege 325. Ilisema ni marubani wa mkataba gani watakaozirusha. Ndege ikihamishiwa kampuni tanzu yenye mishahara ya chini, haihesabiki.

Korona ikaja. Mwaka 2020 Germanwings, kampuni tanzu ya Lufthansa, ikafungwa, na mwishoni mwa 2021 Lufthansa ikaivunja ahadi ile ya 325. Baadaye ikaanzisha kampuni nyingine, Lufthansa City Airlines, iliyoanza kuruka 2024 nje ya mkataba mkuu. Kuna watu husimulia kisa hiki kuonyesha kwamba hakikisho la idadi ya ndege ni kazi bure. Mimi nakisoma kinyume. Shirika haliwezi kusumbuka kukivunja kifungu kisichokuwa na nguvu. Kilichowaponza marubani wale ni kwamba ahadi iliweza kusitishwa, na ilipositishwa, wao walikuwa tayari wamekwisha kutoa walichotoa. Ukitoa pensheni yako leo kwa ahadi ya kesho, ahadi hiyo iwe na umri sawa na ulichotoa.

Wafaransa wamelishika jambo hilohilo kwa upande wa pili. Badala ya kuweka sakafu kwenye kampuni mama, waliweka dari kwenye kampuni tanzu. Transavia ya Ufaransa, ya bei nafuu, haikuruhusiwa kuzidi ndege 14 bila marubani wa Air France kukubali. Mwaka 2014 uongozi ulipotaka kuipanua, marubani waligoma wiki mbili za Septemba. Dari ilipandishwa baadaye hadi ndege 40, na mwaka 2019 marubani wenyewe walipiga kura kuiondoa, kwa masharti waliyokubaliana. Mnaona tofauti? Upanuzi ulifanyika hatimaye, lakini ulipitia kwa marubani.

Marekani dari ni ya uzito na viti. Kwenye mikataba ya mashirika makubwa matatu, Delta, United na American, ndege zinazorushwa na kampuni za mikoani, yaani mashirika madogo yanayoruka kwa niaba yao, zisizidi viti 76 na uzito wa pauni 86,000, kama kilo 39,000. Mstari huo mmoja umetikisa hadi viwanda. Mitsubishi ya Japani ilibuni ndege ya abiria ambayo mfano wake wa kwanza ulizidi uzito huo, ikitarajia kwamba marubani watalegeza. Hawakulegeza. Haikuwa shida pekee ya mradi ule, lakini ilikuwa mojawapo ya zile nzito, na Februari 2023 mradi wote ulifutwa.

Lakini nisiwadanganye kwamba karatasi inazuia kila kitu. Baada ya Septemba 11, 2001, mashirika ya Marekani yalitaja dharura iliyo nje ya uwezo wao na kuwarudisha marubani nyumbani licha ya vifungu vya ulinzi. US Airways iliingia kwenye ufilisi Agosti 2002, ikarudi tena Septemba 2004, na sheria yao ya ufilisi inamruhusu mwajiri kumwomba jaji aufute mkataba wa pamoja. Marubani wake walipoteza hata mpango wao wa pensheni mwaka 2003. Shirika lisilo na fedha haliwezi kulazimishwa kurusha ndege. Ndiyo maana neno dharura lisiachwe wazi. Liandikwe kwamba kupanda kwa bei ya mafuta si dharura, kwamba kupungua kwa abiria kwa msimu mmoja si dharura, na kwamba dharura ikiisha, idadi inarudi ndani ya muda uliotajwa.

Kuna ndugu ameniuliza pale mlangoni kama idadi ndiyo kipimo bora. Swali zuri sana, kwa sababu ndege inaweza kuwepo vitabuni na isiruke. Katika nusu ya kwanza ya 2025 Kenya Airways ilikuwa na Dreamliner tisa, na tatu kati yake zilikaa chini kwa shida ya injini. Ukihesabu mikia, ni tisa. Ukihesabu kazi, ni sita. Mwajiri mjanja anaweza pia kuondoa ndege ya viti 300, akaleta ya viti 70, na hesabu ikabaki vilevile. Kwa hiyo mimi ningependekeza saa za kuruka kuliko idadi ya ndege: saa kadhaa kwa mwaka zinazorushwa na marubani waliomo kwenye orodha ya ukongwe, zigawanywe kati ya ndege kubwa na ndogo. Delta walifanya hivyo mwaka 2012, wakafunga saa za kampuni za mikoani kwa uwiano na saa za shirika lenyewe. Na saa zilizorushwa na ndege ya kukodi iliyokuja na marubani wake zisiingizwe kwenye hesabu yenu.

Sheria yetu ya Kenya inawasaidia wapi? Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi kwa chama na kwa afisa wa leba, azingatie ukongwe, ujuzi na uaminifu katika kuchagua, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Rubani wa miaka sita anaondoka na mshahara wa siku 90. Sheria inapanga jinsi ya kuondoka. Haimzuii mwajiri kuondoa ndege. Kuirudia kazi baadaye kupitia korti ni kugumu vilevile. Wafanyakazi 447 wa Kenya Airways waliopunguzwa 2012 walipata amri ya kurudishwa, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaitengua.

Pengo hilo linazibwa na mkataba wa pamoja peke yake. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inasema masharti yake yanaingia kwenye mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, na kwamba unatekelezeka ukishasajiliwa kortini. Usipite mwezi bila kusajiliwa. Wala msitegemee mgomo kuwa ndiyo kinga yenu. Ule wa Novemba 2022, uliohusu hasa mfuko wa akiba ya uzeeni, ulidumu siku chache kabla korti kuwaamuru marubani warudi kazini.

Kuhusu kampuni tanzu, Jambojet ilianza kuruka Aprili 2014 na inamilikiwa na Kenya Airways. Sina neno baya juu yake, na Wakenya wengi wamepanda ndege kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Lakini kila shirika lenye kampuni tanzu, hapa au kwingineko, linapaswa kuulizwa mambo mawili kwa maandishi: njia ikihamishwa kutoka kampuni mama kwenda tanzu, rubani anaifuata akiwa na miaka yake ya ukongwe, au anaanza upya mkiani? Na rubani wa tanzu ana mlango wa kuingia kampuni mama? Msiwaache wenzenu wa tanzu nje ya mazungumzo. Wakilipwa kidogo, wao ndio watakaotumiwa kuwashusha nyinyi, na hawatakuwa na kosa.

La mwisho ni adhabu, kwa sababu vifungu vingi nilivyosoma vinaahidi vizuri na kunyamaza hapo. Andikeni kitakachotokea saa zikipungua: kwamba hakuna rubani atakayepewa barua ya kupunguzwa katika kipindi hicho, na kwamba saa zilizokosekana zitalipwa kwa marubani wa chini kabisa kwenye orodha, kwa majina, ndani ya siku 60. Mhasibu wa shirika akiona kwamba kuegesha ndege kunamgharimu karibu sawa na kuirusha, atalipeleka hilo kwenye bodi mwenyewe, kabla hata ya wakili wenu kufungua faili.