Uwanja Mkubwa, Kiwanja Kidogo

Habari za jioni. Wengi wenu mkipewa kazi ya kusanifu uwanja wa soka katikati ya mji, mtaanza kwa kuhesabu viti. Mimi naomba muanze na njia za kutokea.

Eneo la kuchezea halina mjadala: mita 105 kwa 68. Mtakachogombania na barabara, reli na nyumba za watu ni kile kinacholizunguka. Tuchukue watazamaji 60,000. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unataka majukwaa yawe matupu ndani ya dakika 8 katika hali ya kawaida, na unakadiria kuwa kila mita ya upana wa ngazi hupitisha watu 66 kwa dakika. Pigeni hesabu. Mita moja itapitisha watu 528, kwa hiyo mnahitaji karibu mita 114 za ngazi, na hapo hatujagusa nafasi ya nje ambako umati huo utajazana ukielekea kituoni. Michoro mingi mizuri hufia hapa, tena mapema.

Basi mtasema, tukibanwa pembeni tupande juu. Sawa, ila mwongozo huohuo unaweka ukomo wa mwinuko kwenye nyuzi 34. Halafu kuna suala la kuona: mstari wa jicho la mtazamaji unatakiwa upite angalau milimita 90 juu ya jicho la aliyekaa mbele yake. Mkishusha hadi 60 mtapata jukwaa la chini zaidi, na malalamiko ya kila anayekaa nyuma ya mtu mwenye kofia.

Mimi napenda jinsi Dublin walivyokubali kubanwa. Uwanja wa Aviva, uliofunguliwa 2010, una reli inayopita chini ya jukwaa la magharibi. Kaskazini kuna nyumba za majirani, na ili zisinyimwe mwanga, jukwaa la upande huo likashushwa, likabaki na tabaka moja tu la viti huku paa likiinama kulifuata. Wapo wanaosema unaonekana haujaisha. Waacheni. La Bombonera ya Buenos Aires, ya mwaka 1940, nayo ina pande tatu za majukwaa yenye mwinuko mkali, na wa nne umesimama wima kama ukuta kwa sababu ardhi iliishia pale. Nani leo angetaka upande huo unyooshwe?

La mwisho ni nyasi. Majukwaa marefu na paa huziba jua na upepo. Santiago Bernabéu, Madrid, wamezigawa nyasi vipande vinavyoshushwa kwenye shimo chini ya ardhi, zikamulikwe taa na kumwagiliwa humo. Kama mteja wenu hana fedha za namna hiyo, mkutanisheni na mtaalamu wa nyasi kabla hamjamwonyesha picha ya paa.