Pasi mbili za Kifaransa: stori ya nahodha Kidd na meli ya Quedagh Merchant

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi, asanteni kwa kuja. Niliombwa niongelee utekaji wa meli za biashara karne ya 17, mada ni pana mno kwa hiyo leo nimeshika meli moja tu, Quedagh Merchant, ilitekwa tarehe 30 Januari 1698 pwani ya Malabar kule India, na aliyeiteka ni William Kidd, Mskochi aliyekuwa na maisha yake mazuri tu New York, ana mke, ana nyumba, wala hakuwa na shida ya hela.

Sasa kabla hatujamwita mwizi tuelewe kitu kimoja. Zama zile kuteka meli ya watu ilikuwa kazi halali kabisa kama una leseni. Uingereza ina vita na Ufaransa, basi mfalme anakupa hati, wewe unaingia baharini na meli ya matajiri wako, ukikuta meli ya Mfaransa unaikamata na shehena yake yote, ila hugusi kitu mpaka uipeleke mahakamani na mahakama itamke kwamba hizi ni nyara halali, hapo ndo mnagawana. Mabaharia hawana mshahara, msipokamata kitu mnarudi mikono mitupu. Hilo la mshahara mlishike maana ndo lililomuharibia Kidd.

Mwaka 1695 kuna Mwingereza mmoja Henry Every aliiteka Ganj-i-Sawai, meli ya Aurangzeb, mfalme wa Mughal, dola kubwa iliyokuwa inatawala India, ikiwa inarudi na mahujaji kutoka Makka. Watu waliteswa, wanawake walidhalilishwa, ni unyama na sitaki tuupite harakaharaka kama vile ni stori ya filamu. Aurangzeb alikasirika, Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki, ile kampuni yao ya biashara, walikamatwa Surat, bandari ya India, na biashara yao ikasimama. London nako walikuwa wanatafuta jinsi ya kupambana na maharamia, na mwaka huohuo ndo Kidd anapata dili. Wakubwa wa serikali wakamwekea mtaji kimyakimya, yumo Lord Bellomont, aliyekuja kuwa gavana wa Waingereza kule New York na Boston, wamo mawaziri, na mfalme William III mwenyewe akatengewa asilimia 10. Akapewa hati mbili, moja ya kukamata Wafaransa, nyingine ya kukamata maharamia, na meli mpya Adventure Galley, mizinga 34 na makasia juu.

Mwanzoni mwa 1697 akazunguka mpaka visiwa vya jirani zetu, Nzwani na Mwali kule Komoro, pale Mwali walipoitoa meli majini kuisafisha upande wa chini ugonjwa ukaingia wakafa watu kama 50 ndani ya wiki moja hivi. Waliobaki wana hasira, mwaka umekaribia kuisha hawajapata hata senti, wakaenda kuvizia meli za mahujaji karibu na Bab el Mandeb, mlango wa kuingilia Bahari ya Shamu, wakafukuzwa. Oktoba akagombana na mpiga mizinga wake William Moore, akampiga ndoo ya mbao yenye pete za chuma kichwani, kesho yake Moore akafa.

Ndo akakutana na Quedagh Merchant. Ilikuwa inatoka Bengal kwenda Surat, imejaa hariri, melimeli, sukari, afyuni, mali ya wafanyabiashara wa Kiarmenia na sehemu nyingine ya mkubwa mmoja wa ikulu ya Mughal. Nahodha wake Mwingereza. Lakini siku hizo meli za biashara zilibeba pasi, yaani hati za kulindwa na taifa fulani, za mataifa mbalimbali ili wakisimamishwa watoe ile inayofaa, na Kidd alijua hilo, akapandisha bendera ya Ufaransa, wale wakampelekea Mfaransa wao na pasi ya Kifaransa. Akaishika mkononi akawaambia mmekamatwa. Miezi miwili nyuma alishachukua pasi kama hiyo kwenye meli nyingine ndogo, kwa hiyo akawa nazo mbili, na akazitunza vizuri sana.

Hapa mimi nasema wazi, Kidd alikosea. Pasi anazo ndiyo, lakini mahakama hakuisubiri, shehena akaanza kuiuza palepale pwani na mabaharia wakagawana. Wale Waarmenia walikuwa hawana vita na mtu, walinunua karatasi ya kuwalinda na karatasi hiyohiyo ndo ikawaponza.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliporudi Marekani mwaka 1699 alikuta ameshatangazwa haramia, akamtumia Bellomont zile pasi akiamini bosi wake atamsafisha, Bellomont akamuweka ndani Boston, pasi zikapelekwa London na yeye akafuata. Mwezi wa tano 1701 kesi inasikilizwa Old Bailey, mahakama ya London, anashtakiwa kumuua Moore na uharamia, anaomba pasi zake ziletwe, hazionekani. Utetezi wake wote ulikuwa kwenye zile karatasi! Na matajiri waliompa mtaji hakuna aliyesimama upande wake, kwa sababu wapinzani wao bungeni walikuwa wanaitafuta kashfa hiyohiyo.

Tarehe 23 Mei 1701 wakamnyonga pale Wapping kando ya mto Thames. Kamba ya kwanza ilikatika akaanguka akiwa hai, wakampandisha tena. Mwili wakautundika Tilbury ili kila baharia anayeingia na kutoka London auone.

Meli yenyewe Quedagh Merchant, aliyokuwa ameiacha Karibi, mabaki yake yalipatikana 2007 karibu na kisiwa cha Catalina, Jamhuri ya Dominika, kina cha maji hakifiki hata mita nne, mizinga imelala mchangani. Na zile pasi zilikuja kuonekana mwanzoni mwa karne ya 20, miaka zaidi ya 200 baada ya yeye kunyongwa, zipo palepale London ndani ya makabrasha ya serikali.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.