Petroli Isiyo na Risasi katika Uwanja wa Reid-Hillview

Mabibi na mabwana,

Uwanja wa ndege wa Reid-Hillview uko San Jose, California, na ni mali ya Kaunti ya Santa Clara tangu 1961. Una njia mbili za kurukia zilizo sambamba, kila moja haifiki kilomita moja, pamoja na mnara wa kuongozea ndege, mabanda na shule za urubani. Nyumba za watu zimeuzunguka. Hayo nayapita haraka, maana shauri langu leo ni tangi la mafuta.

Tangu 1 Januari 2022, petroli ya ndege yenye madini ya risasi haiuzwi tena pale. Petroli hiyo ndiyo 100LL, ile ya bluu ambayo marubani wa Wilson, Nairobi, wanaijua vizuri. Lita moja inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi. Utafiti ulioagizwa na kaunti na kutolewa 2021 ulikuta kwamba watoto wanaoishi ndani ya nusu maili kutoka uwanjani wana risasi nyingi zaidi damuni kuliko wanaoishi mbali. Kwangu mimi uamuzi ule ulikuwa wa haki. Mtoto hachagui kulala chini ya mzunguko wa ndege.

Lakini risasi haikutiwa mle bure. Inapandisha okteni, yaani uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Silinda yenye mgandamizo mkubwa ikipewa okteni ndogo, mafuta yaliyobaki hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Injini inagonga, joto linapanda, na mwisho pistoni hutoboka. Badala ya 100LL uwanja ulianza kuuza UL94, yenye okteni 94. Ndege nyingi ndogo za mafunzo zinaimudu, mradi injini na mwili wa ndege viwe na idhini kwenye makaratasi. Injini kubwa zinazodai okteni 100 haziwezi. Nazo, ingawa ni chache kwa idadi, ndizo zinazokunywa sehemu kubwa ya petroli.

Kuna faida fundi anaiona mara moja: plagi hazizibwi na vidonge vya risasi. Kuna na hasara ya kuangaliwa. Chuo Kikuu cha North Dakota kilihamia UL94 mwaka 2023, kikarudi 100LL Oktoba mwaka huohuo baada ya kukuta viti vya valvu za ekzosi, yaani sehemu ambako valvu za kutolea moshi hukaa zikifunga, vimelika. Kwa hiyo anayebadili mafuta apime valvu mara kwa mara, aandike vipimo, na alinganishe na vya nyuma.

Sasa tuje pampuni, kwani hapa ndipo watu wanapokufa. Rangi ya bluu ilikuwa mlinzi. UL94 haitiwi rangi, na mafuta ya jeti, yaliyo jamii ya mafuta ya taa, nayo ni meupe au manjano hafifu. Jicho peke yake halitoshi tena. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka bila alama, mafuta ya jeti huacha duara la mafuta. Mdomo wa pampu ya jeti hutengenezwa bapa na mpana ili usiingie kwenye tundu la kujazia tangi la petroli, ambalo kwa kanuni halizidi milimita 60. Ndege za zamani zenye matundu makubwa hazina kinga hiyo. Mafuta ya jeti yakiingia, injini bado itawaka, kwa sababu mabomba yana petroli safi ya kutosha hadi kwenye njia ya kurukia. Inazimika ikishapaa.

Utaratibu ni huu. Zima injini na swichi ya magneto, kifaa kinachozipa plagi umeme. Bana waya wa kuondoa umeme tuli kwenye chuma kitupu, si kwenye rangi, kabla ya kufungua kifuniko cha tangi. Mdomo wa pampu uguse ukingo wa tundu muda wote wa kujaza. Funga kifuniko, rudisha mpira wa pampu, ndipo utoe waya; waya hutangulia na hutoka mwisho. Subiri dakika kadhaa maji yazame, kisha toa sampuli ya mafuta kwenye kila tundu la kumwagia lililo chini ya tangi. Sampuli yote ikiwa maji matupu, mtu asiyetazama vizuri atadhani ni petroli safi, kwa sababu hakuna mstari wa kuvitenganisha. Inuse, iguse, idondoshe kwenye karatasi. Ukiona maji, endelea kumwaga hadi petroli tupu, tikisa mabawa, kisha rudia tena.