Macho Mazima, Kushoto Hakupo

Ndugu wauguzi, na ninyi mnaouguza wazee majumbani, hili nitalisema hadi lisikike: mgonjwa wa kiharusi akila ugali wa kulia na kuacha wa kushoto, msimkimbize kwenye miwani. Zungusheni sahani. Akimalizia uliobaki, basi hakuwa ameshiba, na huenda shida iko kwenye ubongo: umeacha kuujali upande wa kushoto.

Taarifa kutoka machoni hupita njia kuu mbili. Ya chini hutambua kitu ni nini. Ya juu hufika parieto, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya utosi, na kueleza kiko wapi. Parieto ya kulia huangalia pande zote mbili. Ya kushoto huangalia zaidi kulia. Ndiyo maana kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo ndicho hasa kinachofuta kushoto.

Mtaniambia, "Daktari, huyo amepofuka nusu." Hapana! Aliyepoteza nusu ya uoni mara nyingi hujifunza kugeuza kichwa. Huyu hageuzi, kwa sababu kwake huko hakuna kitu. Mwaka 1978, watafiti Bisiach na Luzzatti waliwataka wagonjwa wawili wa aina hii, wa Milano, Italia, wajifikirie wakitazama kanisa kuu kutoka ng'ambo ya uwanja wake. Walitaja majengo ya kulia. Walipoambiwa wajifikirie wamesimama kanisani wakitazama uwanja, wakataja yale waliyoyaruka na kuyaacha waliyoyataja. Jicho linahusikaje hapo? Mnaweza kuuliza vivyo hivyo kuhusu Nyerere Square ya Dodoma.

Kipimo ni karatasi na kalamu. Chora mstari wa sentimita 20, uweke mbele ya kifua chake, katikati kabisa, aweke alama katikati ya mstari. Rudia mara kadhaa. Alama zikisogea sana kulia, mwandikie rufaa. Wengi hukosea kwa kumwachia asogeze karatasi: ataivuta kulia, na kipimo kimeharibika.

Barabarani ndiko ninakoogopa zaidi. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo anayevuka hukutana kwanza na yanayotoka kulia, na hayo anayaona. Akifika katikati, bodaboda inatoka kushoto. Asivuke peke yake, hata kama anatembea vizuri.

Muda umeniishia, nitaje haraka tu. Maji na kengele ya kuita viwe kulia. Mazungumzo yaanzie kulia, kisha msogee kushoto taratibu. Mkono wa kushoto asiulalie. Breki ya kushoto ya kiti cha magurudumu irefushwe kwa kipande cha bomba, kipakwe rangi nyekundu, maana hiyo ndiyo anayosahau kufunga kabla ya kusimama.