Mbegu hii haianikwi

Baba na mama, vijana wa pepinieri, yaani kitalu cha miche, walionisikia kule Kabare wanajua ninaanzia wapi: mbegu ya Prunus africana, mti wa msitu wa milimani, haianikwi. Nitalisema hata mwakani.

Msimu mmoja tuliletewa hapa Bukavu gunia zima la mbegu hizo. Zilikuwa zimeanikwa juani juu ya bashi, lile turubai, kama maharage, kisha zikalala depo miezi 3. Tukajaza udongo sashe 2,000 za kuoteshea miche, tukapanda. Akina mama wakapanda mlima na bidoni za maji mgongoni, asubuhi na jioni. Juma la 4, kimya. Juma la 8, kimya. Wengine wakalaumu udongo, wengine wakawalaumu akina mama, na hilo liliniuma sana. Nikachukua wembe, nikapasua mbegu moja. Ndani kiini kimenywea, kahawia, kinavunjika kwa kucha. Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye mti huo nyuma ya nyumba, nikaokota tunda lililoiva, jekundu linaloelekea zambarau, nikapasua mbegu yake. Nyeupe, imejaa, wembe umelowa. Basi miezi 2 yote wale mama walikuwa wanamwagilia maiti!

Utaniambia, "Lakini mahindi tunaanika na yanaota." Ndiyo, hindi hulala likiwa kavu, mvua ikaliamsha. Hii imezoea kuanguka kwenye majani yenye unyevu ya msitu, ukiikausha, umeiua. Kwa hiyo okota tunda lililoiva, si la kijani. Loweka, sugua nyama yote itoke, osha, panda juma hilohilo. Udongo uwe na unyevu, juu pawe na kivuli. Halafu subiri, maana yaweza kuchukua majuma 6 au zaidi.

Na wewe unayesema kalibitusi inakua haraka: panda, utapata miti ya kujengea. Lakini gome la Prunus linatafutwa Ulaya kwa dawa ya tezi dume, na biashara yake imewekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995. Porini watu wanalichuna kuzunguka shina lote, mti unakufa umesimama. Tusipokuwa nao mashambani mwetu, watauendea Kahuzi, kwenye msitu wa hifadhi.

Kuhamisha miche, saa imekwisha. Tutafanya kesho kwa mikono. Mama uliyeinua mkono pale nyuma, leta hizo mbegu zako hapa. Wembe uko mezani.